Papa Amesafishwa Jina, Baharini Anazidi Kupungua

Katika filamu ya mpiga mbizi wa Ufaransa, Jacques Cousteau, iliyotwaa tuzo ya Palme d'Or mjini Cannes mwaka 1956, kuna dakika chache ambazo leo zingemfanya mtayarishaji yeyote wa vipindi vya bahari aombe radhi kabla hajaulizwa. Meli ya Calypso iko Bahari ya Hindi, katikati ya kundi la nyangumi. Mtoto wa nyangumi anakatwa na rafadha ya meli hiyo, damu inamtoka, na wanaume wa Calypso wanammalizia kwa risasi asiendelee kuteseka. Papa wanafika na kuanza kumla. Hapo mabaharia wanashika kulabu, shoka na chochote kilicho karibu, wanawapandisha papa sitahani mmoja baada ya mwingine na kuwacharanga. Msimulizi anatuambia kwamba mabaharia wa dunia nzima wanamchukia papa. Hamna anayekumbusha kwamba aliyemjeruhi nyangumi ni meli.

Wapenzi wa bahari huzitaja sana dakika hizo, kwa kuwa zinaonyesha kwa urahisi tulikotoka: jana shoka, leo mtalii analipa fedha nyingi aogelee kando ya papa. Simulizi lenyewe linajulikana. Wapiga mbizi wa mwanzo walimwogopa papa, wakamkaribia na kamera, wakakuta si shetani, wakatuonyesha, nasi tukabadilika. Silikatai. Watu wale walifanya kazi kubwa, na baadhi yao waliweka roho zao rehani. Ila naona limebebeshwa mzigo usio wake. Ni kweli chuki dhidi ya papa imepungua tangu miaka ya 1970. Papa wenyewe nao wamepungua katika miaka hiyohiyo. Mambo hayo mawili yakienda pamoja kwa nusu karne, lazima mtu aulize kama kweli chuki ndiyo iliyokuwa ikiwaua.

Tuanze na Hans Hass, kwa sababu Cousteau amekula sifa nyingi ambazo hazikuwa zake peke yake. Mwaka 1939 kijana huyu wa Vienna, mwenye umri wa miaka 20, alikwenda visiwa vya Curaçao na Bonaire katika bahari ya Karibi pamoja na wanafunzi wenzake wawili. Hawakuwa na mitungi ya hewa. Walikuwa na miwani, mapezi ya mpira miguuni, mikuki ya kuvulia samaki, na kamera iliyofungwa ndani ya kasha lisilopitisha maji. Kila picha ilipigwa kwa pumzi moja. Vita ikalipuka wakiwa huko, wakakwama, na baadaye wakarudi kwao kwa kuizunguka dunia upande wa pili, kupitia Marekani, Japani na Siberia.

Kabla ya vijana hao, elimu ya watu kuhusu papa ilitoka juu ya maji: papa aliyenaswa, papa aliyepasuliwa tumbo, papa aliyeonekana pezi tu. Mtu aliyeingia majini na papa akatoka salama alihesabiwa kuwa na bahati. Hass na wenzake walikaa humo siku nyingi, wakaona kitu ambacho hakikuwa kwenye hadithi: papa ni mnyama mwangalifu. Anakuja, anazunguka, anatazama, anaondoka. Walipopiga ukelele chini ya maji, papa waligeuka na kutimka. Yaani silaha ya kwanza ya mpiga mbizi dhidi ya mnyama aliyetisha kuliko wote ilikuwa mdomo wake mwenyewe. Ni kweli baadaye, katika bahari nyingine, Hass alikuta papa wasiojali kelele za mtu. Hata hivyo tayari alikuwa amefanya jambo ambalo wenye kalamu na manowari hawakulifanya: alimtazama papa akiwa kwake, mzima, na mwenye hiari ya kuondoka.

Mwaka 1942 alikwenda bahari ya Aegean na chombo cha kupumulia kinachosafisha hewa ya mtu mwenyewe bila kutoa mapovu. Hili linaonekana dogo kwa asiyezamia, lakini mapovu yana kelele, na samaki wengi huyakimbia. Bila mapovu, mpiga mbizi anakuwa kiumbe kimoja zaidi kinachopita. Filamu iliyotokana na safari hiyo ilitoka mwaka 1947 na jina lake lilitangaza watu waliokuwa miongoni mwa papa, kana kwamba ni tundu la simba. Picha zenyewe zinasema mengine. Kuna miamba, kuna makundi ya samaki, kuna utulivu mwingi, na papa wanaopita wakiwa na shughuli zao.

Tofauti hiyo kati ya tangazo na picha ndiyo ufunguo wa historia yote ya filamu za papa. Kuzamia ni gharama. Meli, mafuta, kamera, chakula cha mabaharia, vyote vinataka mfadhili, na mfadhili anataka tiketi ziuzwe. Kilichouza tiketi ni hofu. Kwa safari ya Bahari ya Shamu mwaka 1950, kampuni ya filamu ilitaka pia awepo mwanamke mrembo mbele ya kamera. Hass hakulipenda wazo hilo, lakini karani wake, Lotte Baierl, alikuwa ameshajifunza kuzamia na kupiga picha. Akaenda Port Sudan, akaogelea kati ya papa, na kufikia mwisho wa mwaka akawa mke wa Hass. Walioweka fedha walitaka pambo. Walipata mpiga mbizi ambaye wasichana wa Ulaya walimtazama wakaona kwamba nao wanaweza. Katika safari hiyo walikutana pia na papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, asiyemdhuru mtu. Filamu ilipata tuzo Venice mwaka 1951. Hofu ililipia safari, na safari ikaleta ushahidi uliopunguza hofu. Mzunguko huo ulijirudia miaka thelathini iliyofuata.

Cousteau hapa simlaumu kwa shoka peke yake. Yeye na mhandisi Émile Gagnan ndio waliotengeneza, mwaka 1943, kile kifaa kinachompa mpiga mbizi hewa kutoka kwenye mtungi kwa kadiri anavyovuta pumzi, na bila kifaa hicho kuzamia kungebaki kazi ya wachache. Kinachonishangaza zaidi katika filamu ile ya 1956 ni sehemu nyingine, ambapo wanalipua mwamba kwa baruti ili wahesabu samaki wa eneo hilo. Samaki wanaelea, wengine wanazama, na mtafiti anaandika. Kwa kosa hilohilo mvuvi wa Tanga au Kigamboni anapelekwa mahakamani, na sawa kabisa, maana baruti inavunja matumbawe yaliyochukua vizazi kukua. Tofauti ni kwamba mmoja alikuwa na daftari. Nalitaja hili kwa sababu linaonyesha jinsi fikra za wakati ule zilivyokuwa: bahari haiishi, na kinachouawa leo kitajazwa kesho. Cousteau mwenyewe alikuja kuwa mtetezi mkubwa wa bahari. Aliingia na baruti, akatoka mhifadhi, na katikati hapo palikuwa na miaka mingi ya kutazama.

Waaustralia walipita njia hiyohiyo kwa kasi zaidi. Ron Taylor alikuwa bingwa wa dunia wa kuwinda samaki kwa mkuki mwaka 1965. Mkewe Valerie naye alikuwa bingwa wa nchi yake. Waliua samaki wengi, papa wakiwamo, na hawakuwahi kuficha. Mwishoni mwa miaka ya 1960 waliacha mashindano, wakabaki na kamera. Rafiki yao Rodney Fox alikuwa na sababu ya kutosha ya kumchukia papa maisha yake yote. Desemba 1963, akishindania ubingwa wa kuwinda kwa mkuki karibu na Adelaide, papa mweupe alimkamata kiwiliwili na kumpasua mpaka mapafu yakaonekana. Alipona. Kwa maelezo yake mwenyewe, siku moja akiwatazama simba kwenye bustani ya wanyama aliwaza: kwa nini asiwekwe mtu ndani ya kizimba, mnyama akabaki nje? Vizimba vya chuma vilikuwa vimeshatumika, kina Cousteau wakiwamo, lakini safari aliyoiandaa Fox mwaka 1965, Ron Taylor akiwa na kamera, ndiyo iliyoleta picha za mwanzo za papa mweupe zilizopigwa chini ya maji kutoka ndani ya kizimba.

Halafu ikaja safari ambayo kwangu ndiyo kilele cha mambo yote haya. Peter Gimbel, tajiri wa New York aliyekuwa na kichaa cha kuzamia, aliamua kumtafuta papa mweupe popote alipo na kumpiga picha kwa filamu ya sinema. Alimchukua mpiga picha wa chini ya maji Stan Waterman, akawachukua Ron na Valerie, na mwaka 1969 wakaanzia Durban. Mji huo wakati ule ulikuwa na kituo cha kuvulia nyangumi. Meli za kuwinda zilipompiga nyangumi chusa zilimjaza hewa asizame, zikamwacha akielea, zikaenda kutafuta mwingine. Mzoga ule ulikuwa karamu. Gimbel na wenzake, ndani ya meli ambayo nayo ilikuwa ya kuwindia nyangumi, walishusha vizimba kando ya mizoga usiku na mchana.

Papa mweupe hakuja. Walikuja papa wa bahari kuu, wale wenye mapezi marefu ya mviringo yenye ncha nyeupe, na walikuja kwa mamia. Filamu inaonyesha maji yaliyojaa papa mbele, nyuma, juu na chini, wakimega mafuta ya nyangumi vipandevipande. Kisha wapiga mbizi wanne wanafungua milango ya vizimba na kutoka nje.

Nimeitazama sehemu hiyo mara nyingi na bado sijaelewa walipata wapi moyo. Lakini haukuwa wazimu mtupu. Walikuwa wamekaa vizimbani muda wa kutosha kuona utaratibu: papa anakuja na kukugonga kwa pua kabla ya chochote kingine. Anayegongwa akajibu kwa kusukuma au kupiga, papa anahesabu kwamba huyu si mzoga, anarudi kwenye nyangumi. Anayeogopa na kurudi nyuma anajiweka pabaya. Valerie alikuwa na kijiti kifupi tu. Waligongwa wee, na hakuna aliyeng'atwa. Kisayansi huo haukuwa utafiti, maana haukuwa na vipimo wala kumbukumbu zaidi ya filamu. Kwa mtazamaji wa mwaka 1971 ulikuwa mtikisiko. Watu wanne wametoka kati ya mamia ya papa walao nyama, damu ikiwa majini, na wamepanda melini wakicheka.

Waliendelea na safari Bahari ya Hindi hadi Sri Lanka bila kumwona papa mweupe, na mwishowe wakampata nyumbani kwa kina Taylor, Australia Kusini, akiuma vyuma vya kizimba. Matangazo ya filamu yalimweka huyo mbele. Mimi naona mali halisi ya filamu hiyo imebaki Durban, kwa sababu ambayo watengenezaji wake hawakuikusudia. Walidhani wanapiga picha za hatari. Walichokiweka kwenye kumbukumbu ni wingi. Takwimu za papa wa bahari kuu za wakati ule ni haba. Papa hakuwa samaki wa kuhesabiwa, alikuwa kero ya wavuvi wa jodari. Mzamiaji wa leo akienda maji yale hatayaona mamia yale, hata akipewa nyangumi kumi.

Papa huyo wa ncha nyeupe leo Muungano wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira unamweka katika daraja la walio hatarini kabisa kutoweka, hatua ya mwisho kabla ya kupotea porini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulikadiria kwamba kati ya 1970 na 2018 wingi wa papa na taa (samaki bapa walio ndugu wa papa) wa bahari kuu duniani ulishuka kwa asilimia 71. Itazame tena miaka hiyo. Mstari unaanza kuporomoka pale filamu ya Gimbel ilipokuwa ikihaririwa, na unaendelea kushuka katika miongo yote ambayo sisi watazamaji tulikuwa tukijifunza kumpenda papa.

Msomaji atasema: umeruka mwaka 1975. Sijauruka. Filamu ya Steven Spielberg kuhusu papa anayekula watu ilitoka Juni mwaka huo na ikawatoa watu majini hata kwenye maziwa yasiyo na chumvi. Lakini ukichunguza jinsi ilivyotengenezwa unakuta watu walewale. Picha za papa wa kweli zilipigwa Australia Kusini na Ron na Valerie, Fox akisimamia safari. Ili papa aonekane mkubwa, kizimba kilifanywa kidogo na akatafutwa mwigizaji mfupi wa kuingia humo. Siku moja papa alinasa kwenye nyaya za kizimba kilichokuwa kitupu, akakitikisa na kukirarua kwa namna ambayo hakuna aliyeweza kuipanga. Picha zilikuwa nzuri mno kutupwa, na kwa kuwa kizimba hakikuwa na mtu, maandishi ya filamu yakabadilishwa: mtafiti ambaye kwenye riwaya iliyozaa filamu hiyo anauawa, kwenye filamu anapona. Huko Massachusetts, ambako sehemu kubwa ya filamu ilipigwa, papa wa mashine waliotengenezwa kwa fedha nyingi walikuwa wakiharibika kwa maji ya chumvi.

Hofu ilipovuka mpaka, kampuni iliyotoa filamu iliwapeleka kina Taylor Marekani wazunguke kwenye vipindi vya televisheni wakiwaambia watu kwamba papa hayuko hivyo. Peter Benchley, mwandishi wa riwaya, alitumia miaka yake iliyofuata kumtetea papa hadi alipofariki mwaka 2006, na alisema wazi kwamba kwa aliyokuja kuyajua asingeweza kuiandika riwaya ile tena. Siwacheki. Lakini naona watu wamezoea kuibebesha filamu hiyo moja lawama za kupungua kwa papa, na lawama hizo ni za anasa. Ni kweli iliwachochea baadhi ya Wamarekani kwenda kuvua papa kwa mashindano na kupiga picha na mataya yake. Hilo liliumiza papa wa pwani ya Marekani. Haliwezi kueleza kupotea kwa papa katikati ya Bahari ya Hindi, ambako hakuna mshindani wala jukwaa la picha, kuna meli yenye kamba ya ndoana ya kilomita nyingi.

Niwe mkweli kwa upande wa pili pia. Mahali ambapo papa aliuawa kwa chuki au kwa mchezo, kamera ilifanya kazi. Australia ina papa mmoja wa mwambani, mnene, anayeogelea polepole na mdomo wazi, meno yote nje. Sura hiyo ilimponza. Katika miaka ya 1950 na 1960 wapiga mbizi walimpiga kwa fimbo zenye risasi kichwani wakijiona mashujaa, wakati mnyama mwenyewe ni mpole. Picha na utetezi wa wapiga mbizi walioacha kuua, kina Taylor wakiwamo, vilisaidia kugeuza mambo, na mwaka 1984 jimbo la New South Wales likampa ulinzi wa kisheria, wa kwanza duniani kwa papa. Afrika Kusini ikamlinda papa mweupe mwaka 1991. Kwa upande wa maabara, mwanasayansi Eugenie Clark alikuwa amekwisha kuonyesha, Florida mwishoni mwa miaka ya 1950, kwamba papa anaweza kufundishwa kubonyeza kibao na kupiga kengele apewe chakula, na kukumbuka alichofundishwa. Ilikuwa vigumu kuendelea kumwita mashine ya kuua.

Hata hivyo, papo hapo Afrika Kusini, mkoa wa KwaZulu-Natal bado una nyavu za kulinda waogeleaji, zilizoanza Durban mwaka 1952, na nyavu hazijui sheria ya 1991. Hazizuii papa kuja ufukweni. Zinawapunguza kwa kuwanasa, pamoja na pomboo na kasa. Serikali inajua na wataalamu wanajua. Lakini ufuo ni hoteli, hoteli ni ajira, na hakuna mwanasiasa anayetaka kuwa ofisini siku wavu unapoondolewa na mtu akaumwa wiki inayofuata. Mtazamo umebadilika, ila wavu umebaki. Hofu si hisia tu, ina bajeti yake.

Sasa nije kwetu, kwa sababu pwani yetu inaweka doa kwenye simulizi zima. Mswahili hakumsubiri Hass amwambie papa si shetani. Papa ni kitoweo. Papa mkavu wa nazi, mwenye pilipili na ukwaju, ni chakula cha heshima Unguja, Pemba, Lamu na Mombasa. Majahazi yaliyoshuka na kaskazi kutoka Oman na Hadhramaut yalileta papa mkavu na ng'onda pamoja na tende, yakarudi na kusi yakiwa na boriti. Maini yake yalitoa sifa, mafuta ambayo mafundi wa vyombo walipaka mbao zisiliwe na maji. Mvuvi wa jarife, ule wavu mkubwa, au wa dhulumati, kamba ndefu ya ndoana nyingi, anamwogopa papa kwa kiasi kile ambacho seremala anauogopa msumeno: anajua unakata, na anaamka asubuhi kuushika. Ukimuuliza kama anamchukia papa atakushangaa.

Basi kama kisa kizima ni chuki, papa wa pwani hii wangekuwa salama. Hawako salama. Papa upanga, yule mwenye pua ndefu yenye meno kama msumeno, wazee wanamkumbuka na vijana wengi hawajapata kumwona. Kilichobadilika ni zana na soko. Jarife la nailoni halichoki wala halionekani usiku, na linachukua kila kinachopita, kuanzia papa na taa hadi kasa na nguva. Mashine za boti zikawapeleka wavuvi mbali kuliko tanga. Na mapezi, ambayo jikoni kwetu hayakuwa na kazi, yakapata mnunuzi anayeyakausha na kuyasafirisha hadi Hong Kong. Mnunuzi huyo hamwogopi papa wala hampendi. Anajua bei ya kilo.

Kinachowaangusha papa hapo ni maumbile yao. Samaki wengi tunaowala hutaga mayai kwa maelfu na kukua haraka. Papa wengi huchukua miaka mingi kukomaa, hubeba mimba ndefu, huzaa watoto wachache. Ukivua dagaa kupita kiasi na kisha ukapumzika, wanaweza kurudi mapema. Ukimaliza papa majike wazima wa ghuba moja, mwanao huenda asiwaone wakirudi. Hesabu hiyo haibadiliki kwa mtu kumwonea huruma papa kwenye skrini.

Mfano unaotajwa sana wa mtazamo mpya hapa kwetu ni Mafia. Karibu na Kilindoni, hasa kati ya Oktoba na Machi, papa potwe huja karibu na ufuo kufuata dagaa na kamba wadogo, na wageni hulipa kuogelea nao. Wavuvi wa dagaa wako katika eneo hilohilo, kwa sababu hilohilo, na potwe akiingia kwenye wavu wao mara nyingi humfungulia njia atoke. Ni jambo zuri. Lakini tusijidanganye kuhusu sababu zake. Potwe ni mkubwa, ana madoadoa, hana meno ya kutisha, anaogelea polepole na haogopi mtu. Kama kamera ingeagiza papa, ingeagiza huyo. Nyama yake si kitoweo kinachokimbiliwa, na akinasa anaharibu wavu wa gharama. Kumwachia kunaingia akilini hata kwa asiyejali uhifadhi. Ukitoka hapo ukaenda sokoni unakuta papa wasiozidi urefu wa mkono, wengine wakiwa hawajapata kuzaa hata mara moja, wamepangwa sakafuni wanauzwa kwa fungu. Hakuna mtalii anayelipa kuogelea na hao. Hakuna filamu yao.

Huo ndio udhaifu wa urithi tulioachiwa na wapiga mbizi wa mwanzo. Kamera yao ilitufundisha kumtazama papa mmoja mmoja, uso kwa uso, na ikamfanya papa mweupe kuwa nyota na potwe kuwa mpenzi wa watoto. Hatari kubwa inayowakabili papa haikuwa usoni mwa mnyama, ilikuwa kwenye idadi, na idadi haipigiki picha kirahisi. Safari ya Durban iliweza kwa bahati, kwa sababu mamia bado walikuwapo.

Mikataba ya biashara ndiyo imeanza kulishughulikia hilo, kwa kuchelewa. Mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, uliweka masharti kwa biashara ya potwe mwaka 2002, papa mweupe mwaka 2004, papa wa ncha nyeupe mwaka 2013, na mwaka 2019 ukaongeza samaki wa jamii ya taa wenye umbo la gitaa, ambao mapezi yao ni ya bei ya juu kuliko mengi. Mwaka 2013 pia Kamisheni ya Jodari ya Bahari ya Hindi, yenye makao yake Shelisheli, ilipiga marufuku meli za jodari kubaki na papa wa ncha nyeupe waliowanasa. Sheria hizi zinadai kitu kimoja ambacho madiko yetu mengi hayana: mtu wa kusema huyu ni papa gani. Daftari la mapato ya samaki linapoandika “papa na taa” kwenye mstari mmoja, aliye hatarini kabisa na yule wa kawaida wanapita pamoja, na afisa anayetakiwa kutoa kibali cha kusafirisha mapezi makavu anakisia.

Kwa hiyo ningepewa fungu la fedha za filamu za papa zinazotengenezwa kila mwaka, nisingenunua kizimba kingine. Ningewalipa vijana wa madikoni, ambao tayari wanawajua papa kwa majina yao ya kienyeji kuliko mtaalamu wa kuja na ndege, wapime urefu, waandike jinsia, wapige picha ya kila papa anayeshushwa alfajiri. Wao ndio watakaosema ni ghuba gani papa wanazalia na ni miezi gani jarife lisitupwe humo. Miezi hiyo mwenye jarife atahitaji kula, na fidia yake isitolewe mfukoni mwa mvuvi mwenzake. Ada za wanaokuja kuogelea na potwe zingeweza kuanza kubeba sehemu ya gharama hiyo, kwa kuwa ni wageni hao wanaosema kwamba wanampenda papa.